Ngoma za Mjomba Ndani ya Pedi 16

Nyumba zetu hapa Uingereza zimeshikana ukuta kwa ukuta. Jirani akipiga chafya usiku, wewe kitandani kwako unaweza kumwambia afya. Kwa sababu hiyo wengi wetu tuliokuja na ngoma, au tuliorithi ngoma za wazee, tumezigeuza pambo. Ziko juu ya kabati, zimefunikwa kitambaa, na hushushwa harusi ikiwadia. Vidumbak viwili vya mjomba wangu viko kwangu tangu alipohamia chumba kidogo, na kila akija kututembelea huvitazama kwanza, kisha ndiyo huuliza chai.

Mwaka jana, baada ya harusi moja ya jamaa, mjomba alituambia kwamba vidole vyake asubuhi havikunjiki tena vizuri na kwamba tutafute mpigaji mwengine. Alisema hivyo huku akichovya mkate, wala hakutaka kuulizwa zaidi. Sasa katika jamaa zetu wote wa mji huu hapana mwengine anayejua kupiga kidumbak. Wa kucheza wapo tele, wa kuimba wapo, na wa kulalamika kwamba ngoma siku hizi hazina ladha wapo zaidi ya hao. Wa kupiga ni yeye tu. Binti yangu wa miaka 14 ndiye aliyetoa rai ya kununua kibao cha pedi, kile ambacho vijana hutengenezea muziki nyumbani. Nilidhani anataka mchezo mpya. Yeye alikuwa na fikra nyengine, na ndiyo ninayotaka kuwaelezea ndugu zangu wasomaji, pamoja na makosa yetu, ili atakayefuata asiyarudie.

Kibao chenyewe ni kitu chepesi, kinakaa juu ya magoti, chenye vipande 16 vya mpira vilivyopangwa mistari minne, kila mstari vinne. Kila kipande huitwa pedi. Mpangilio huo ulienea kwa mashine ya Akai MPC60, aliyoibuni Mmarekani Roger Linn na iliyotoka mwaka 1988. Tofauti ni kwamba mashine ile ilikuwa na sauti ndani yake, na kibao tulichonunua sisi hakina sauti hata chembe. Hilo sikulijua. Nilikitoa katika boksi, nikakichomeka kwenye kompyuta, taa zikawaka, nikapiga. Kimya. Nikapiga kwa nguvu. Kimya. Nikaanza kutafuta risiti.

Kumbe kazi yake ni ya utarishi. Ukiipiga pedi, kibao hupeleka barua fupi kwenye kompyuta kusema kwamba nambari fulani imepigwa kwa nguvu kiasi fulani, na ukiondoa kidole hupeleka ya pili kusema imeachwa. Barua hizo zimeandikwa kwa lugha iitwayo MIDI. Mwezi wa Januari mwaka 1983, huko California, ala mbili za makampuni yaliyokuwa yakishindana, Sequential Circuits ya Marekani na Roland ya Japani, ziliunganishwa kwa waya zikaweza kusemezana kwa lugha hiyo, na mpaka leo ndiyo inayotumika, ijapokuwa kompyuta zimebadilika mara chungu nzima. Nambari za sauti huanzia 0 na kuishia 127. Nguvu ya pigo nayo huhesabiwa vivyo hivyo, 127 ikiwa ndiyo ya juu kabisa. Anayetoa sauti ni programu iliyomo katika kompyuta, naye hutoa ile uliyompa. Ukimpa sauti ya paka, pedi italia nyau.

Basi hapo ndipo penye fikra ya binti yangu. Programu hizi huja na ngoma za kizungu tele, za disko na za roki, lakini katika zote tulizozifungua kidumbak hakimo. "Mama," aliniambia, "tumrekodi babu pigo moja moja, kisha tuziweke pigo zake kwenye pedi." Siti binti Saad ilibidi avuke bahari mpaka Bombay mwaka 1928 ndipo sauti yake ikatiwa katika santuri. Sisi safari yetu ilikuwa ya kupanda ngazi kwenda chumba cha kulala.

Kwa watoto waliozaliwa huku nieleze kidogo. Kidumbak ni jina la ngoma na ni jina la muziki wenyewe. Vijingoma viwili vya udongo vilivyowambwa ngozi ndiyo roho yake. Pamoja navyo huwa na fidla, sanduku la chai lililofungwa fimbo na kamba likawa besi, mkwasa ambazo ni vijiti viwili vya kugonganisha, na cherewa, yaani vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu. Ni ndugu wa taarab, lakini ndugu wa mtaani, asiyekaa kitini kwa adabu.

Ngozi haipendi hewa ya huku. Ikipata unyevu hulegea, na sauti inakuwa kama ya kugonga boga. Nyumbani hukanzwa motoni mpaka ikaze. Sisi tuliziweka karibu na hita ya ukutani, bila ya kuigusa, na mjomba akawa anazigonga kwa kidole kila baada ya dakika chache kama anayeangalia mkate wa kumimina. Akisema bado, ni bado.

Siku ya kwanza tulirekodi jikoni kwa sababu ya meza kubwa. Tulipokuja kusikiliza, friji ilikuwa ikinguruma nyuma ya kila pigo, na vigae vya ukutani vilifanya kila sauti ijirudie. Saa mbili za mzee zikatupwa. Kitu gani kilichonifanya nisizime friji, mpaka leo sijui. Siku ya pili tulikaa chumba cha kulala, mlango wa kabati la nguo tukauacha wazi, godoro likasimamishwa ukutani, maana nguo na godoro hunywa sauti isirudi. Maikrofoni tuliiweka shubiri moja na nusu kutoka kwenye ngozi, kwa upande kidogo. Tukamwomba mjomba apige kwanza pigo lake la nguvu kuliko yote, tukapunguza mpaka kipimo kikaishia kwenye alama ya desibeli 6 chini ya sifuri, ili kubaki nafasi. Atakayeanza na pigo dogo atajuta, kwani kubwa likija litapasuka, na sauti iliyopasuka haishoneki. Tulitumia programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, tukarekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde.

Mjomba alichagua mapigo matatu kwa kila ngoma: la katikati, la ukingoni, na la kuziba, ambalo kiganja kinabaki juu ya ngozi. Kila moja tulilirekodi kwa nguvu tatu, ndogo, ya wastani na kubwa, na kila nguvu mara nne. Hesabu yake ni mapigo 72. Mtu atauliza, kuna haja gani ya mara nne ikiwa pigo ni lile lile? Haja ipo. Pigo moja likirudiwa vile vile mara nane mfululizo linakuwa cherehani. Programu ikiwa na manne hulizungusha moja baada ya jengine, na kwa kuwa hakuna mwanadamu anayepiga sawasawa mara mbili, sikio linaridhika.

Pigo la kuziba ndilo lililomuumiza mkono, na ndilo alilotaka kulirudia. "Hilo silo," alisema. Akapiga tena. "Wala hilo." Nilimwambia, "Mjomba, shika lako la kwanza, linatosha, tupumzike." Akanijibu kwa upole kwamba kama kazi ni ya kutosha basi tungemrekodi mtu wa kutosha. Tukanywa chai, tukaendelea baada ya alasiri. Jioni yake mkono wake ulikuwa umevimba kidogo, nami nilijilaumu.

Kukata mapigo na kuyapa majina ni kazi ya kuchosha, isiyo na hadithi. Nasema tu kwamba kila faili lipewe jina linaloeleweka tangu mwanzo, yaani ngoma ipi, pigo lipi, nguvu ipi, mara ya ngapi. Tulikuwa na faili tuliloliita "babu mpya kabisa 2" na hadi leo hatujui lilikuwa la nini.

Kisha kuna kuyapanga kwenye pedi. Pedi ya chini kushoto aghalabu hutoka dukani ikiwa nambari 36, inayofuata 37, na kwenda mbele. Wewe katika programu unasema: nambari 36 ikija, toa sauti hii. Kuna mtego mmoja. Programu nyengine huiita nambari hiyo C1 na nyengine C2, kwa sababu watengenezaji hawakuafikiana wapi pa kuanzia hesabu ya oktava. Fuata nambari, achana na herufi. Mtego wa pili ni njia. MIDI ina njia 16, na tangu mapatano ya mwaka 1991 ngoma zimepewa njia ya 10. Kama kibao kinapeleka barua kwa njia ya 10 na programu imetega sikio njia ya 1, hutasikia kitu, na utarudi kutafuta risiti kama mimi.

Binti yangu alizipanga sauti kwa mfuatano wa majina ya mafaili, jambo lililoonekana la akili. Mjomba alipokiweka kibao magotini alikitazama kama mtu aliyeingia jikoni mwa mwenziwe. Hakugusa. Aliinua mikono akapiga hewani, polepole, mara kadhaa, akamwambia, "Mjukuu wangu, tazama vidole vinaanguka wapi." Tukapanga upya. Ngoma ya sauti nzito ikakaa upande wa kushoto, nyepesi kulia, mapigo matatu ya kila moja yakikaribiana kiasi cha kufikiwa bila ya kunyanyua kiganja. Cherewa na mkwasa zikapelekwa mstari wa juu. Na pigo la wazi na la kuziba la ngoma moja tukayatia katika kundi moja, programu ikaamrishwa kwamba likija la pili lilinyamazishe la kwanza. Bila ya hivyo sauti ya wazi huendelea kuvuma wakati mkono umeshaziba ngozi, kitu ambacho hakiwezekani duniani, na sikio hulijua hilo hata kama mtu hajui kulieleza.

Pedi nazo zina tabia. Ukizipa wepesi mno, pedi ya jirani italia kwa mtikisiko tu. Ukizifanya nzito, mapigo madogo hayasikiki, na katika kidumbak mapigo madogo ni nusu ya maneno. Zetu tuliziacha katikati, kisha tukaziweka nyepesi kidogo kwa ajili ya vidole vya mzee. Kibao kingi pia kina kitufe kinachofanya kila pigo liwe 127, hata uguse kwa unyoya. Mtoto mdogo alikibonyeza bila ya sisi kujua, na jioni nzima tulibishana kwa nini ngoma imekuwa ya kugombana. Chini ya kibao tunaweka kanga iliyokunjwa mara nne, kwani ijapokuwa sauti iko masikioni mwako, vishindo vya vidole hupita mezani na kumfikia jirani.

Sasa nije kwenye kisa kilichotusumbua wiki mbili. Mjomba alivaa spika za masikio, akapiga kidogo, akazivua. "Ngoma hii," alisema, "inafika harusini bi harusi kesha ondoka." Alikuwa na haki. Baina ya kidole na sauti kulikuwa na mwanya. Niliilaumu kompyuta, nikakilaumu kibao, na nilikuwa karibu kununua chengine.

Makosa yalikuwa matatu, yamepandana. La kwanza lilikuwa spika zenyewe, ambazo hazina waya. Za namna hiyo huchelewesha sauti zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mara nyingi, na hilo halimdhuru anayesikiliza redio, lakini mpigaji humvunja mkono. Tukachukua za waya. La pili ni bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta hujiwekea kabla ya kuitoa. Bafa ya sampuli 1024, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, inachukua milisekunde 21. Ukiishusha hadi 256 inakuwa zaidi ya 5 kidogo. Ukiishusha mno kompyuta hukosa pumzi na sauti hukatikakatika, kwa hivyo ishushwe hatua kwa hatua. Wenye kompyuta za Windows wachague katika programu njia ya sauti iitwayo ASIO, kama kifaa chao kinayo. Kwa kulinganisha, sauti hewani huchukua milisekunde 10 kwenda kiasi cha mita tatu na nusu, yaani kumsikia mwenzako aliye upande wa pili wa chumba. Hapo mpigaji hasumbuki.

Kosa la tatu lilikuwa langu. Nilipokata yale mapigo 72, kwa kuogopa kulijeruhi pigo lenyewe niliacha kimya kidogo mwanzoni mwa kila moja. Kimya hicho kilikuwa kama milisekunde 30. Kila ukipiga pedi, programu ilianza kwa utiifu kukipiga kimya changu kwanza. Nilikaa usiku mbili nikayakata yote upya, nikiukuza mchoro wa sauti mpaka nikaona pale mstari unaponyanyuka. Mjomba aliporudi hakusema neno. Alipiga kiasi cha robo saa, na mguu wake ukaanza kutikisika.

Tulianza kurekodi wimbo mzima. Mjomba alimkataa yule mpiga kengele wa kompyuta anayehesabu moja mbili tatu nne. "Nani huyu anayenihimiza?" Tukamrekodi kwanza akipiga mkwasa peke yake, ikawa ndiyo kengele yetu. Kisha ngoma moja, ile ya kushikilia mwendo, na juu yake ya pili, ile ya kuchezacheza, maana kibaoni mtu mmoja anaweza kupiga zamu zote.

Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Programu hizi zina kitufe cha kunyoosha mapigo. Hugawa kila kipimo cha mwendo vipande vilivyo sawa, na pigo lililoanguka nje ya mstari husukumwa mpaka kwenye mstari ulio karibu. Aghalabu huja ikigawa kwa nne. Ngoma zetu nyingi za pwani zinakwenda kwa tatu, na mara nyingi mbili imepanda juu ya tatu. Binti yangu alikibonyeza akidhani anasafisha kazi. Mapigo yote yakapanga foleni. Tukamsikilizisha mjomba.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Nani anayepiga?"

"Ni wewe, babu."

"Si mimi."

Hakukasirika, lakini aliinuka akaenda kutazama dirishani, nasi tukaona haya. Sauti zilikuwa zake, mkono wake uliovimba ulikuwa mle ndani, na yeye hakujitambua. Binti yangu akarudisha yote kama yalivyokuwa. Usiku ule ule akakuza mchoro akapima, na akaniita nione. Pigo la tatu la mjomba huchelewa kidogo, kama milisekunde 20, kila mara, na kwa kiasi kile kile, tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Mtu anayekosea hakosei kwa kiasi kimoja dakika nne nzima. Pale ndipo ilipo ile ladha ambayo watu harusini huidai bila ya kujua jina lake.

Tangu siku hiyo kitufe cha kunyoosha kwetu hakitumiki kwa ngoma za mjomba. Anayetaka kukitumia kwa mapigo yake mwenyewe, akiweke kwenye mgawo wa tatu, na asikubali kinyooshe kwa asilimia 100. Nusu yake inatosha kumsaidia mwanafunzi. Binti yangu anajifunza kwa njia nyengine. Huweka ngoma ya kwanza ya babu masikioni, hupiga ya pili kwenye pedi, kisha hutazama mchoro wake na wa babu, mmoja juu ya mwengine. Miezi mitatu ya mwanzo pigo lake la tatu liliwahi kila mara. Sasa linachelewa, lakini linachelewa mno. Mjomba anasema ni heri kuliko kuwahi.

Sitaki mtu anunue kibao akidhani amenunua ngoma. Mpira hauna ukingo, wala hauna katikati. Popote utakapougusa ni pale pale. Ile sauti inayopanda mpigaji anapoubonyeza mkono kwenye ngozi hatukuipata, ijapokuwa tulijaribu. Mjomba amesisitiza kwamba siku za Jumamosi mchana, jirani anapokwenda sokoni, vidumbak vishushwe kutoka kabatini na mtoto apige ngozi. Anafanya hivyo, dakika 40, mpaka gari la jirani lirudi.

Mapigo yote 72, pamoja na cherewa na mkwasa, hayafiki megabaiti 20, na mjomba ameridhia yagawiwe kwa jamaa. Mwenye kutaka nakala alete flashi siku ya mkutano wa Idi, anione mimi au binti yangu mezani. Sanduku la besi bado hatujalirekodi. Mjomba anasema kamba iliyopo si kamba, na anasubiri mtu anayekwenda Unguja amletee nyengine.